Ngao, Kristali au Cheti: Tathmini ya Tuzo za Walezi wa Madaktari Zinazotengenezwa Nairobi

Kila mwaka idara za vyuo vya tiba jijini hutafuta kitu cha kumkabidhi mhadhiri aliyewalea madaktari wachanga, na mara nyingi kazi hiyo huangukia mikononi mwa katibu wa idara wiki ya mwisho. Matokeo yake yanajulikana. Jina limekosewa herufi, nembo ya chuo ina ukungu, na maneno kwenye bamba yangemfaa hata meneja wa benki. Tumepima hapa aina za tuzo zinazouzwa katikati ya jiji, kuanzia maduka ya vikombe hadi karakana za leza na uchapaji za upande wa River Road, kwa kazi hii moja: kumheshimu mlezi wa kitaaluma katika tiba kwa njia itakayomfaa hata baada ya sherehe kwisha.

Hukumu tuitoe mapema kwa mwenye haraka. Nunua ngao ya mbao yenye bamba la alumini lililochongwa kwa leza, inchi 8 kwa 10. Ongeza cheti kwenye fremu ya A4. Kisha mpe mlezi barua ya ukurasa mmoja yenye sahihi ya mkuu wa kitivo, nakala iende kwenye faili lake. Kristali ni anasa isiyo na dhambi. Akriliki iache, na sababu zake tutazieleza.

Kinachoitofautisha tuzo hii na zawadi ya mfanyakazi bora ni kwamba kazi inayosifiwa haionekani. Mhadhiri wa darasani ana ratiba, mtafiti ana orodha ya makala. Saa za mlezi zimezama kwenye pendekezo la utafiti la mwanafunzi wa MMed (shahada ya uzamili ya tiba) lililorudi kutoka kamati ya maadili ya Hospitali ya Taifa ya Kenyatta na Chuo Kikuu cha Nairobi na maswali lukuki, kwenye kibali cha utafiti cha NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, kwenye jedwali la takwimu lisiloeleweka saa tatu usiku, na kwenye simu ya daktari mwanagenzi aliyempoteza mgonjwa wake wa kwanza. Fomu za kupandishwa cheo huuliza ni wanafunzi wangapi wa uzamili wamemaliza chini ya usimamizi wako. Hiyo simu ya usiku haina safu. Basi ngao ikisema tu “kwa kutambua mchango wako mkubwa”, kazi hiyo imepotea mara ya pili, na safari hii kwa gharama ya idara.

Ngao ya mbao

Hii ndiyo inayopatikana kila mahali, na kwa kawaida bei yake ni shilingi elfu mbili hadi nne kutegemea ukubwa na bamba. Ya inchi 6 kwa 8 hubana maneno. Ya inchi 9 kwa 12 huanza kushindana na picha ya harusi ukutani. Kaa katikati.

Kinachoitwa mbao mara nyingi ni MDF, yaani ubao wa nyuzi za mbao zilizogandamizwa kwa gundi, ya milimita 15 au 18 iliyobandikwa ganda jembamba la mbao halisi, au karatasi yenye rangi ya mahogani. MDF si kosa: haipindi, haipasuki, na hukatika kingo safi. Adui yake ni maji. Igeuze ngao uangalie mgongo na kingo za chini. Kama hazina vanishi, unyevu wa ukuta msimu wa mvua ndefu utapenya, kingo zitavimba kama mkate uliolowa chai, na bamba litaanza kuinuka pembeni. Mwambie fundi apake vanishi pande zote, mgongo ukiwemo, kabla ya kubandika bamba. Ni kazi ya dakika chache ambayo hakuna anayeifanya bila kuambiwa.

Sasa bamba lenyewe. Wauzaji wengi watakuambia ni shaba. Beba sumaku ndogo mfukoni. Ikinasa, hicho ni chuma kilichopakwa rangi ya dhahabu. Isiponasa, yaweza kuwa alumini au shaba, na mkwaruzo mdogo upande wa nyuma utaonyesha weupe au unjano. Kwa kazi hii alumini iliyotiwa rangi kwa umeme ndiyo bora, kwa sababu leza huiondoa rangi ya juu na kuacha maandishi meupe yasiyofutika kwa kidole wala kwa spiriti. Shaba halisi inapendeza zaidi, lakini mashine ya leza ya CO2, ambayo ndiyo ya kawaida kwenye karakana ndogo, haiwezi kuchonga shaba tupu kwa kuwa mwali wake huakisiwa. Shaba inahitaji leza ya faiba au mashine ya ncha inayokwaruza. Tena lazima ipakwe laka, la sivyo itaanza kuiva rangi ya kahawia mahali vidole vilipogusa.

Aina ya tatu ni bamba lililochapwa kwa wino unaohamishwa kwa joto. Hilo hutoa nembo kwa rangi zake zote na bei yake ni nafuu. Likikaa mkabala na dirisha linalopigwa na jua la alasiri, rangi hufifia. Kwenye ukuta wa ndani halina neno.

Uliza pia bamba limeshikwa na nini. Tepu ya pande mbili iliyowekwa pembe nne tu huachia. Iwe gundi iliyoenea mgongo mzima, au pini nne ndogo. Na kabla hujaondoka dukani, dai skrubu na plagi ya milimita 6 ya kuishikilia ukutani. Ofisi nyingi za zamani hospitalini zina kuta za mawe yaliyopigwa plasta, na msumari wa kawaida hupinda pigo la pili. Ngao ngapi za Nairobi zimeegemezwa juu ya kabati la faili kwa sababu hiyo tu!

Akriliki na chupa ya spiriti

Akriliki inang'aa, ina uzito wa karibu nusu ya kioo cha ukubwa uleule, haivunjiki ovyo, na hukatwa umbo lolote unalotaka, hata stetoskopu. Kamati za wanafunzi huipenda. Sisi tumeiweka mkiani, na tatizo si uzuri wake.

Ofisi ya daktari hupanguswa kwa spiriti. Meza, simu, kibodi, kitasa cha mlango, vyote hupitiwa na kitambaa chenye alkoholi ya asilimia 70, na tuzo iliyo mezani haisazwi. Akriliki iliyokatwa kwa leza hubaki na mkazo ndani yake, hasa kwenye kingo za mkato na ndani ya herufi zilizochongwa. Alkoholi ikifika hapo, mkazo huo huachia, na nyufa nyembamba zikaanza kutawanyika: kwanza ukingoni, kisha kuzunguka jina la mhusika. Kung'arisha hakuziondoi. Karakana yenye tanuri inaweza kuzuia hali hiyo kwa kuiweka akriliki kwenye joto la nyuzi 80 hivi kwa saa kadhaa baada ya kuikata, kisha kuiacha ipoe polepole. Uliza kama wanafanya hivyo. Mara nyingi utajibiwa kwa kicheko.

Jambo la pili ni aina ya shiti. Kuna akriliki iliyomiminwa kwenye kalibu na kuna iliyosukumwa na mashine. Kwenye ya kwanza leza huacha maandishi meupe yanayosomeka vizuri. Kwenye ya pili mchongo hubaki karibu wazi, na ukirudi nyuma hatua mbili huoni neno. Kwa macho matupu shiti hizi hazitofautiani. Omba wachonge herufi moja kwenye kipande cha masalio ya shiti ileile kabla ya kulipa.

Kama wanafunzi wameshachanga pesa na hawataki kusikia kingine, basi iwe ya kubandikwa ukutani, mbali na meza inayopanguswa, na nyuma iandikwe: sabuni laini na maji tu, kitambaa laini, spiriti marufuku.

Kristali, vikombe, na kadhalika

Kristali inayouzwa madukani kwa kawaida ni kioo cha macho kinachoitwa K9, huletwa kutoka Uchina kikiwa kimeshakatwa, na kazi ya hapa ni maandishi tu. Spiriti haikidhuru. Jua halikidhuru. Hakina hasara ila mbili: uzito na sakafu. Kipande cha sentimita 10 kwa 15 chenye unene wa sentimita 2 hukaribia robo tatu ya kilo, na kikianguka kwenye terrazo ndiyo kwaheri. Bei yake kwa kawaida huizidi ya ngao ya mbao.

Tofauti kubwa iko kwenye maandishi. Yaliyopulizwa kwa mchanga au kuchongwa kwa leza ni ya kudumu. Yaliyobandikwa kwa stika si ya kudumu, na wapo wanaoyauza kwa bei ya yale ya kwanza. Pitisha ukucha kwenye ukingo wa herufi. Ukihisi ngazi inayoinuka juu ya kioo, ni stika au wino. Ukihisi ukwaru ulioingia ndani, ni mchongo. Maandishi meupe kwenye kioo cheupe hayasomeki yakiwa mbele ya karatasi, kwa hiyo maneno yawe machache: jina, tuzo, mwaka. Maelezo yaende kwenye cheti.

Kikombe cha plastiki kilichopakwa dhahabu kiachieni timu ya mpira.

Cheti

Watu hukidharau cheti kwa kuwa ni karatasi. Hata hivyo ndicho kitu pekee kwenye sherehe nzima kinachoweza kuskaniwa na kuambatishwa kwenye maombi ya kazi, ya ufadhili au ya kupanda cheo. Ngao ya mbao haipakiwi kwenye tovuti ya mtu yeyote.

Karatasi iwe ya gramu 250 hadi 300. Chini ya hapo itajikunja ndani ya fremu. Wino wa unga wa printa ya leza haumwagiki maji yakigusa, ilhali wa printa nyingi za wino wa maji humwagika. Sahihi zitiwe kwa kalamu yenye wino wa kudumu, siyo sahihi iliyobandikwa kwenye kompyuta, na muhuri ugongwe ukigusa sehemu ya sahihi. Kila cheti kipewe namba, na namba hiyo iandikwe kwenye rejista ya idara pamoja na tarehe. Miaka 6 baadaye, kamati ya uajiri ya chuo kingine ikipiga simu kuuliza kama tuzo hii ni ya kweli, kutakuwa na jibu.

Kosa la fremu linajirudia kila msimu. A4 ni milimita 210 kwa 297. Fremu ya “inchi 8 kwa 10” ni milimita 203 kwa 254. Cheti hakiingii, basi mtu huchukua mkasi, na muhuri unaenda na kipande kilichokatwa. Taja neno A4 unaponunua fremu, na uombe kadi ya kutenganisha karatasi na kioo, kwa sababu unyevu hunatisha maandishi kwenye kioo na ukija kukifungua wino hubaki upande usiofaa.

Pamoja na cheti, barua. Haiuzwi dukani, na katika vyote tulivyopima ndiyo yenye thamani kubwa kwa gharama ndogo kuliko vingine. Iwe na nembo ya kitivo, itaje utaratibu uliotumika kumchagua, idadi ya walioteuliwa, na alichofanya kwa takwimu. Nakala iende kwa mwenyekiti wa idara na kwa ofisi ya wafanyakazi. Ukurasa mmoja unatosha.

Ubao wa majina

Idara yenye bajeti ya miaka mingi inafaa ifikirie ubao mmoja mkubwa wenye vibamba vidogo 24 au 36, jina moja kila mwaka, ukutani mahali madaktari wanapopita kwenda raundi. Kwa shule ya tiba kama ya Chuo Kikuu cha Nairobi, iliyoanza 1967 chuo kikiwa bado sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, vizazi kadhaa vya walezi vimepita, na ukuta ndio unaowakumbusha wanafunzi kwamba kazi hiyo ina ukoo.

Ubao huu hufa kwa njia mbili. Ya kwanza: mwaka wa tatu hakuna aliyekumbuka kuchongesha jina, na nafasi tupu ikaanza kuaibisha. Ya pili ni ya kifundi. Kibamba kilichoagizwa baadaye huja na dhahabu tofauti na ya vile vya mwanzo, kwa sababu shehena za alumini hazifanani rangi. Suluhisho ni kununua vibamba vyote siku ya kwanza, vikiwa vitupu, uvifunge kwenye bahasha na kuvihifadhi kwa katibu. Kila mwaka unapeleka kimoja kuchongwa. Hifadhi pia faili la mchoro na jina la fonti. Maduka hubadilisha kompyuta, na fonti huenda nazo.

Maneno yenyewe

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea bila mtu kugundua. Kwenye bamba la ngao ya inchi 8 kwa 10, herufi za pointi 12 zina kimo cha karibu milimita 3, na huo ndio mpaka wa chini kwa anayesoma akiwa amesimama. Ukiondoa nembo, jina na mwaka, unabaki na nafasi ya maneno 35 hadi 45. Kamati nyingi huzijaza kwa “utumishi uliotukuka” na “kujitolea kusiko na kifani”. Linganisha na mfano huu tuliobuni:

“Amesimamia tasnifu 11 za MMed hadi mwisho. Kati ya hizo 6 zimechapishwa, mwanafunzi akiwa mwandishi wa kwanza. Wanne aliowalea sasa wanasimamia wanafunzi wao wenyewe.”

Ni maneno yasiyofika 25, na kila sentensi inaweza kuthibitishwa. Angalia hasa ile ya pili. Mwandishi wa kwanza ni nani? Hilo ndilo swali linalomtenga mlezi na mkusanyaji wa makala. Msimamizi ambaye jina lake hutangulia kwenye kila kazi ya wanafunzi wake anaweza kuwa mtafiti hodari, ila tuzo yake ni nyingine. Na ile ya tatu inahesabu kizazi cha pili, ambacho ndicho kipimo kigumu kuliko vyote katika ulezi.

Kiswahili kwenye ngao? Tunaunga mkono bila kusita. Ni lugha rasmi kwa Katiba ya 2010, na “Mlezi Bora wa Madaktari” inasomeka na kila apitaye, kuanzia profesa hadi mhudumu wa mapokezi. Ile barua ya faili ndiyo iandikwe kwa Kiingereza kama kamati za cheo zinavyozoea.

Vyeo na shahada viache. Jina na “Dkt.” au “Prof.” vinatosha. Ukichonga “Mhadhiri Mwandamizi” leo, mwakani amepanda, na ngao imebaki nyuma.

Kisha alama ya ritifaa. Ng'ang'a, Nyong'o, Wang'ombe: majina haya ndiyo yanayoharibika kuliko yote kwenye karakana za Nairobi. Fonti nyingine za mapambo hazina alama hiyo, na mashine huweka kisanduku kitupu au huiruka kabisa. Nyingine huigeuza kuwa alama ya kufungua nukuu, iliyopinda upande usiofaa. Jina lenye ritifaa mbili linaweza kutoka na mbili zisizofanana. Usisome jina kwenye simu kwa sauti ili fundi alichape. Litume limeshaandikwa, litokane na kitambulisho au rejista ya baraza la madaktari, na muulize mhusika mwenyewe, kupitia mtu wa karibu kama ni siri, ni majina gani kati ya matatu anayotumia.

Nani apewe

Ngao nzuri kwa mtu asiyestahili ni hasara kubwa kuliko ngao mbovu, na fomu ya uteuzi ni sehemu ya bidhaa. Ile inayotumwa kwa WhatsApp ikiuliza “nani mlezi bora?” na kuhesabu kura itampa ushindi anayefundisha darasa kubwa la mwaka wa kwanza. Mwanapatholojia anayelea wanafunzi watatu kwa wakati mmoja hana kura za kutosha hata akiwa malaika. Msihesabu kura. Ombeni uteuzi wa ukurasa mmoja na barua mbili au tatu kutoka kwa waliolelewa katika vipindi tofauti: mmoja wa sasa, mmoja aliyehitimu zamani, ikiwezekana mmoja aliyehama fani. Jarida la Nature, ambalo limekuwa likitoa tuzo za ulezi katika sayansi tangu 2005, nalo huwataka waliolelewa nyakati mbalimbali watoe ushahidi.

Barua ya mwanafunzi ambaye tasnifu yake bado haijatiwa sahihi na huyohuyo anayemsifu haina uhuru. Iwekwe kando, au uteuzi ufunguliwe baada ya matokeo kutoka. Na mteuliwa asioneshwe barua.

Maswali ya fomu hayahitaji kubuniwa upya. Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, San Francisco, walichapisha uchambuzi wa barua za kuwateua walezi kwa tuzo ya chuo chao. Kilichojitokeza ni tabia njema za mtu mwenyewe, kuongoza safari ya kazi ya anayelelewa, kutoa muda kwa kweli, kujali uwiano wa kazi na maisha, na kuacha urithi wa kulea. Kuna pia dodoso lililochapishwa mwaka 2013, lenye vipengele 26 katika maeneo sita, yakiwemo mawasiliano, kukubaliana matarajio, na kumjengea mwanafunzi uwezo wa kujitegemea. Chukueni vitano au sita vinavyolingana na kazi ya hapa, na kwa kila kimoja ombeni tukio moja lenye tarehe. “Hurudisha rasimu kwa wakati” ni maoni. “Rasimu ya sura ya tatu ilirudi baada ya siku nne, ikiwa na maelezo pembeni” ni ushahidi.

Na kama kamati ina uwezo wa kutoa zaidi ya ngao, isikimbilie bahasha ya pesa. Nchini Marekani, ruzuku ya NIH (taasisi za taifa za afya) iitwayo K24 huwalipia madaktari watafiti wa ngazi ya kati robo hadi nusu ya muda wao ili wafanye utafiti na kuwalea wanaoanza. Idara ya Nairobi haina mfuko huo, lakini mwenyekiti anaweza kumpunguzia mshindi kliniki moja kwa wiki kwa muhula mmoja. Tungeipa zawadi hiyo nyota zote, na haihitaji fundi.

Kuagiza

Uteuzi ufunguliwe wiki nane kabla ya sherehe, na jina lifike karakana wiki mbili kabla. Novemba na Desemba ongezeni wiki moja, maana ndio msimu wa mahafali na karamu za mwisho wa mwaka, na foleni ya leza huwa ndefu.

Nembo ya chuo isichukuliwe kutoka kwenye tovuti. Picha hiyo ndogo ikikuzwa hutoka na ukungu, na leza huuchonga ukungu huohuo kwa uaminifu. Ombeni ofisi ya mawasiliano faili la mistari (vekta), lisilopoteza ukali likikuzwa, la PDF au CDR. Mkituma maandishi yaliyokwisha kupangwa, herufi zote zigeuzwe kuwa mistari ili fonti isibadilike kwenye kompyuta ya duka. Duka zuri litawarudishia picha ya mchoro kabla ya kuchonga. Isomeni watu wawili, mmoja akisoma kutoka mwisho kwenda mwanzo, neno kwa neno, kisha mmoja wenu aandike “imekubaliwa” na jina lake. Bila hayo, kosa likitokea duka litasema ndivyo mlivyotuma. Duka lisilotoa mchoro, hata likiwa nafuu kwa shilingi mia tano, lipiteni.

Malipo ya awali ya nusu ni kawaida, na maduka mengi hupokea kwa M-Pesa. Kabla hamjatuma chochote, ulizeni mambo mawili: bei ina VAT ya asilimia 16 ndani yake au la, na watatoa ankara ya eTIMS, mfumo wa ankara za kielektroniki wa mamlaka ya mapato (KRA), yenye PIN (namba ya mlipa kodi) ya chuo au ya mtu binafsi. Tangu Januari 2024 KRA haikubali gharama ya biashara isiyo na ankara hiyo, na ofisi ya fedha itairudisha risiti ya kuandikwa kwa mkono. Kama chuo kinalipa kwa LPO, yaani hati ya kuagiza ambayo malipo yake huja baadaye, duka dogo huenda lisikubali kungoja, kwa hiyo mwanakamati asijitolee kulipa kutoka mfukoni kabla ya kupata idhini kwa maandishi.

Siku ya kuchukua, fungueni sanduku palepale kaunta, chini ya taa. Someni jina kwa sauti. Guseni pembe za bamba. Kagueni ritifaa. Salio lilipwe baada ya hapo.